Bao la Aloisi

Juzi pale Bomang'ombe, vijana wa meza ya jirani walibishana ni golikipa gani duniani aliyefunga bao kutoka mbali zaidi. Nikawaambia ni kaka yangu Aloisi.

"Video iko wapi, mama?"

Nikamalizia chai yangu kwa hasira.

Ilikuwa alasiri ya Jumapili, Kirua Vunjo, na hewa ilinuka maganda ya kahawa. Uwanja wetu uliinama kufuata mlima, na Aloisi alidaka golini upande wa juu. Aliupiga mpira, ukadunda mara mbili, ukapita juu ya kichwa cha kipa wa chini, ukaingia. Tulikwenda kuutafuta kwenye migomba.

Nilikuwa darasa la tatu. Niliamini rekodi haiwi rekodi mpaka itangazwe kanisani kama ndoa, watu waulizwe kama kuna mwenye pingamizi. Nikaiandika kwenye karatasi ya daftari, nikampa katekista, msomaji wa matangazo ya kanisa, palepale uwanjani. Aliisoma huku akihema, akaikunja mara nne, akaichomeka kwenye soksi.

"Nimeipokea, binti."

Jumapili iliyofuata Aloisi alikaa benchi la mbele, amejipaka mafuta mpaka shingoni. Zilitangazwa ndoa tatu na zamu ya kufagia kanisa, basi.

"Ulisema watasoma," aliniambia njiani.

Kwa miaka mingi niliulaumu mwandiko wangu. Sikuwahi kuwaza kwamba kipa aliyefungwa siku ile alikuwa katekista mwenyewe. Mwenye pingamizi ndiye niliyemkabidhi karatasi.