Vitenzi vya Chumba cha Kufulia

Katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, ndugu wawili walifanya kazi meza kwa meza. Mkubwa alikuwa mpiga pasi. Wenzake walimwita Mama Mstari, kwa sababu suruali ikipita mikononi mwake, mstari wake ulisimama wima hata ikivaliwa kutwa nzima. Mdogo wake alikunja mashuka na taulo. Huyo walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika hata mashine ziliponguruma.

Mama Mstari ndiye aliyemtafutia mdogo wake ile kazi. Ndiye aliyemlea pia, tangu mama yao alipofariki, na yeye mwenyewe akaacha shule ili mwenzake asome. Alizoea kutangulia, na Chiriku alizoea kumfuata.

Siku moja meneja alishuka akawaambia kuwa mapokezi pana nafasi, na angependa kumpa mtu wa humu humu, mradi awe anaweza kuzungumza na wageni kwa Kiingereza. Akakodi mwalimu mstaafu, mzee mwembamba aliyewafundisha alasiri, zamu ikiisha, kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi.

"Sisi tunabadilisha kichwa cha neno," mwalimu alisema. "Nafua, nilifua, nitafua. Wao wanabadilisha mkia. Kila siku, 'I wash'. Jana, 'I washed'. Kesho unatanguliza 'will', na kitenzi kinarudi kama kilivyozaliwa: 'I will wash'. Vipo vitenzi vikorofi, hivyo tutavikuta mbele. Vya kazi yenu ni vitiifu. Kufua, kupiga pasi, kukunja: 'wash', 'iron', 'fold'."

Mama Mstari alielewa palepale. Akisukuma pasi alivipanga kichwani, 'ironed', 'folded', 'will iron', 'will fold', na mwalimu akimuuliza hakukosea. Ila alijibu kwa sauti ya chini, macho mezani. Chiriku alikosea kila siku. Alisema 'yesterday I fold', bila mkia, akajicheka mwenyewe, darasa likacheka naye, na mwalimu akavua miwani kufuta machozi ya kicheko.

"Huyu atafika," mwalimu alisema.

Njiani kurudi nyumbani Mama Mstari aliyarudia maneno yale kichwani. Anayepatia ni yeye, anayesifiwa ni mwingine. Roho ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa kuwa hakuwa na pa kulalamikia. Utakwenda kumshtaki mdogo wako kwa kosa gani? Kwamba anapendwa?

Siku ya kuamkia usaili, Chiriku alivuta kapu la taulo hadi kwenye meza ya pasi.

"Dada, hebu nisikilize. Jana: 'I washed the towels'. Kesho: 'I will washed the towels'. Sawa?"

Mama Mstari aliinua pasi. Mvuke ukapanda kati yao.

"Sawa," alisema.

"Kweli? Hii ya kesho hunichanganya."

"Si nimesema sawa? Niache nifanye kazi."

Kwenye usaili, Mama Mstari aliitwa kwanza. Meneja alimuuliza kwa Kiingereza atamsaidiaje mgeni ambaye shati lake limechelewa kufuliwa. Vitenzi vyote alikuwa navyo, lakini ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Alisema 'I will wash', akanyamaza. Akasema 'I will iron', akanyamaza tena. Meneja akamshukuru.

Kisha akaingia Chiriku. Mama Mstari, akiwa kwenye benchi la nje, alisikia 'I will washed' ikipenya mlangoni, na moyo ukamruka kwa furaha. Halafu akamsikia meneja akicheka, na mazungumzo yakaendelea kama maji. Kazi akapewa Chiriku.

Wiki iliyofuata sare ya Chiriku ya mapokezi ilishuka kupigwa pasi, koti la buluu. Mama Mstari alilitandaza mezani, akaituliza pasi kwenye kola. Hakuisogeza. Kitambaa kilianza kutoa harufu ndipo akaiinua. Chiriku alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mgeni kanisahihisha leo," alisema. "Kumbe ni 'I will wash' tu. Ulijua, dada?"

"Nilijua."

"Sasa mimi ningemuuliza nani mwingine?"

Mama Mstari aliisimamisha pasi kando. "Nilikuonea gere," alisema. "Hata sasa nakuonea. Ukipita na hili koti, siwezi kukutazama."

Chiriku alilichukua koti likiwa bado la moto, akatoka. Siku kadhaa alipigia sare yake pasi mwenyewe, ikawa na mikunjo ya ajabu, na nyumbani walipishana kama wapangaji.

Mwishowe Chiriku akashuka na koti, akaliweka mezani.

"Nimeandika 'carryed' kwenye ujumbe wa mgeni. Wenzangu wamenicheka. Inaandikwaje?"

"Hiyo 'y' inageuka 'i'," Mama Mstari alisema bila kuinua uso. "'Carried'. Na 'dry' hivyo hivyo, 'dried'. Lakini 'play' inabaki na 'y' yake."

"Kwa nini?"

"Vuta kiti nikueleze."

Chiriku alivuta kiti. Mama Mstari akamweleza yote, pasipo kuficha kitu, huku kijiba cha roho kikiwa pale pale. Alasiri ile, kwa kuwa masomo bado yaliendelea, mwalimu alipouliza nani ataanza kusoma kwa sauti, alisimama Mama Mstari.