Mtihani Nyuma ya Kufuli

Yuniti ya mwisho ya digrii yangu ilikuwa ya hifadhidata. Nilikuwa nimeisoma kwa muhula mzima baada ya kazi, nikitoka masjala ya hospitali ambako faili za wagonjwa hurundikana mpaka kwenye korido, na kuingia nyumbani kwetu Voi ambako bati hubaki na joto la mchana hadi watoto walale. Hospitalini walikuwa wanahamisha faili hizo kwenye kompyuta, na mkuu wetu alishasema wazi kwamba atakayesimamia kazi hiyo lazima awe na digrii ya teknolojia ya habari. Nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja tu.

Mtihani wenyewe hufanyiwa nyumbani. Chuo kina programu inayokutazama kwa kamera na kukusikiliza kwa kipaza sauti. Masharti yake niliyasoma mara nyingi hadi nikayakariri: uwe peke yako chumbani, usizungumze, usiondoke mbele ya kamera, asiingie mtu. Aliyeyaandika, nadhani, alikuwa na chumba chake na mlango wake, na watu wa kwao hupiga simu kabla ya kuja.

Nilijipanga. Watoto niliwapeleka kwa dada yangu. Jirani yangu, mama mmoja aliyetoka magharibi na ambaye mumewe anafanya kazi relini, nilimwomba asipige redio. Akacheka, akasema, "Jirani, hiyo mtihani yako inaogopa redio?" Lakini aliizima. Malori ya barabara kuu sikuwa na la kuyafanya. Mama mkwe pia sikumwambia kitu, maana yeye hukaa milimani, na hata angekuwa mtaa wa pili, mimi ni nani nimwambie mama mkwe leo usije?

Nilikuwa nimefika katikati ya maswali, napanga majedwali yangu vizuri, nikasikia mlangoni:

"Hodi humu!"

"Karibu, mama!" nikasema.

Sikufikiri. Neno lilitoka kama pumzi. Kwenye skrini kikatokea kisanduku chekundu: sauti imesikika. Kabla sijamaliza kukisoma, mama mkwe alikuwa ameshaingia chumbani na mkungu wa ndizi begani, jasho likimtiririka. Akautua mkungu juu ya kitanda, akaninyooshea mkono.

Hapo ndipo nilipomaliza kujiharibia. Mama mkwe hasalimiwi kwa kuketi. Nikainuka, nikaupokea mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikainama kidogo jinsi nilivyofundishwa tangu niolewe. Nilipogeuka, maswali hayakuwepo tena. Skrini ilisema kikao changu kimesitishwa kwa kukiuka masharti.

"Mbona umeganda?" akauliza.

"Nilikuwa nafanya mtihani, mama."

"Mtihani ya nyumbani? Na mwalimu yuko wapi?"

"Yuko kwa kamera."

Akainama mbele ya kompyuta, akaitazama ile nukta ndogo juu ya skrini. "Hamjambo huko," akaiambia. Alipoona hajibiwi, akanigeukia. "Hata salamu hawajui. Nipe maji, mwanangu, hili jua la Voi litaniua."

Nikampa maji. Nikapika chai. Nilitaka kulia lakini huwezi kulia mbele ya mtu aliyekubebea ndizi kutoka juu mlimani.

Rufaa yangu niliiandika vizuri, hatua kwa hatua, nani aliingia na kwa nini. Nikaitwa kwenye kikao cha video na msimamizi wa mitihani, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi.

"Madam, hukuweza kunyamaza tu?"

"Hata ningenyamaza, angejua niko ndani. Mlango ulikuwa wazi na viatu vyangu viko nje. Angefikiri ninaumwa, au nimemkataa."

"Na kusimama je? Rekodi inaonyesha umesimama na kumshika mkono. Kamati inauliza kama alikupa kitu."

"Alinipa mkono."

Akatabasamu, nikaona kwamba ameelewa. Hata yeye ana mama mkwe, au atakuwa naye. Kisha akasema sheria haina kipengele cha salamu. Nilipewa sifuri, na nafasi moja ya kurudia mtihani kabla ya muhula kufungwa. Nikianguka hapo, ningesoma yuniti yote upya mwaka unaofuata, na kufikia wakati huo kazi ya masjala ingekuwa ya mtu mwingine.

Nilikasirika siku nyingi. Sikujua nimkasirikie nani. Mama mkwe hakuwa na kosa. Kijana wa shati alikuwa akifanya kazi yake. Programu haina uso wa kukasirikiwa. Kwa hiyo nilimkasirikia mume wangu, aliyekuwa karibu. Nikamwambia nataka mahali pa kufanyia mtihani ambapo hakuna binadamu, na hapa Taita Taveta hapapo, labda nikakae mbugani na ndovu.

Yeye ni mwalimu kule Mwatate na ana subira ya kufundisha darasa la kwanza. Akafikiri, akasema, "Nitakufungia kwa nje."

"Unifungie?"

"Kufuli nje, viatu vyako ndani, pazia chini. Nani atapigia hodi nyumba yenye kufuli?"

Nilibisha, nikamuuliza moto ukitokea je. Lakini nilipotafuta njia nyingine, sikuipata. Ofisini kuna watu, kanisani kuna watu, na saiba, kwenye kompyuta za kukodi, kuna watu na muziki juu. Siku ya mtihani akabana kufuli, akaondoka na ufunguo kwenda kazini, akiahidi kurudi mapema.

Nikabaki ndani ya nyumba yangu kama mzigo stoo. Nilisikia hatua zikija mpaka mlangoni, kisha sauti ya jirani: "Kumbe hawako." Hatua zikaondoka. Umeme ulikatika nikiwa bado nina maswali, nikaendelea kwa betri na bando la simu, bila feni, jasho likidondoka kwenye meza. Sikujifuta, nisije nikaambiwa nimeficha uso. Nikajibu swali la mwisho, nikabonyeza kitufe cha kuwasilisha. Alama zikatokea papo hapo. Nilikuwa nimepita, na si kwa kishindo. Nimepita tu.

Nikangoja furaha ije. Kilichokuja kwanza ni hasira: kwamba kitu nilichokihangaikia kwa miaka nimekimalizia nikiwa nimefungiwa nyumbani kwangu, nikijificha wasinione watu wanaonipenda. Nilitaka kumwambia mtu. Nikafungua pazia.

Jirani alikuwa akianika nguo. Aliponiona nyuma ya vyuma vya dirisha, akaangusha shuka kwenye vumbi.

"Jirani! Mwalimu amekufungia?"

"Hapana, mama. Ni mimi nilimwambia anifungie."

"Usimfiche. Mwanaume akifungia bibi ndani si mchezo. Nipige nduru?"

"Usipige! Nilikuwa kwa mtihani. Nimepita."

"Ile ya redio?"

"Hiyohiyo. Nimemaliza digrii."

Akaweka mikono kichwani, akapiga kigelegele kirefu kilichotoa akina mama wengine milangoni. Wakakusanyika chini ya dirisha langu, mmoja akiuliza nani ameolewa, mwingine akijibu hakuna, ni madam amepata digrii, lakini amefungiwa. Mikono ikaingia kati ya vyuma kunisalimu, nami nikaishika mmoja baada ya mwingine.

"Sasa toka tukubebe juu," jirani akasema. "Ufunguo iko wapi?"

"Iko Mwatate," nikamwambia.