Mnyamwezi Aliyekatazwa Kubeba

Mtani wangu amefariki. Wasomaji wa siku nyingi mnamjua: ndiye yule Mnyamwezi wa Arlington, kando ya Dallas, niliyezoea kumsema hapa kila nilipokosa cha kuandika, naye akinipigia simu kulalamika kwamba nimemsema kidogo. Binti yake alinipata nikiwa Sugar Land, huku kwetu Texas karibu na Houston, kwenye foleni ya kuosha gari. "Anko, baba is gone," alisema, kisha akarudia kwa Kiswahili kana kwamba kwa Kiingereza nisingeamini, "Baba ametutoka." Ni moyo, ulisimama asubuhi akivaa viatu. Nilitoka kwenye foleni nikashika barabara ya Dallas na gari langu lenye vumbi, na njia nzima nikasikitikia jambo la kijinga, kwamba nikifika hatakuwapo wa kulicheka.

Kwa wasomaji wangu Wakenya na Wakongo wasioijua mila hii, sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao wao Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani kwetu na mizigo mabegani. Mtani hukutukana na huruhusiwi kununa. Huingia chumba ambacho ndugu wa damu anaona haya kuingia, na msibani humwambia marehemu maneno ambayo mwingine angeyasema angefukuzwa. Basi jeneza lilipoinuliwa pale kanisani nikapaza sauti, "Mnyamwezi, maisha yako yote unabeba wewe, leo umekubali kubebwa!" Waombolezaji walinigeukia kwa macho makali. Binti yake peke yake ndiye aliyecheka, akacheka huku analia. Nilikuwa na maneno mengine matatu manne niliyoyaandaa njiani, lakini nikayaacha, nikaingiza bega chini ya jeneza.

Alikuwa dereva wa lori, amefiwa na mkewe, na huyo binti ndiye mtoto wake pekee. Jumamosi akiwa hana safari alikuwa akija kwangu Houston, anakula pilau yangu sahani mbili huku akiiponda kwamba Wazaramo hatujui kupika ila kucheza ngoma. Kisha akaacha kuja. Mara gari bovu, mara amechoka, mara kuna kikao cha kanisa. Miezi ikapita, mwaka ukapita. Nilimkosa mno, na sikuelewa, kwa sababu mtani hanuni. Kumbe alikuwa akiumwa tezi dume. Ilikuwa imekua ikabana njia ya mkojo, na barabara ile ya Dallas hadi Houston ikamgeukia kuwa safari ya choo hadi choo. Anasimama kituo cha mafuta, anasubiri weee, vinatoka vitone, anarudi kwenye gari, na kabla hajaumaliza mji kibofu kinamwita tena.

Daktari alikuwa ameshamweleza kwamba si saratani na kwamba inatibika. Akameza vidonge, havikufua dafu, akaambiwa upasuaji, akakataa. Alichokiogopa si kisu. Binti yake ni nesi, na kazi yake ya kila siku hospitalini ni wagonjwa wa namna hiyohiyo. Mtani wangu alijua akipasuliwa atarudi nyumbani na mpira wa mkojo, na nyumbani yuko binti huyo tu. "Yule nimemfunga nepi mimi," aliniambia baadaye. "Leo anifunge yeye? Bora nife na heshima yangu." Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alikuwa ameshazaa, akawa anamficha aliyemzaa.

Mwisho mwili wenyewe ulimlazimisha. Asubuhi moja mkojo uligoma kabisa, tumbo likajaa kama ngoma, akakimbizwa hospitali. Siku chache baadaye wakamfanyia upasuaji. Hawakumchana popote, waliingiza kifaa chembamba kupitia njia ileile ya mkojo wakakwangua nyama iliyozidi. Alipoamka tu akanipigia mimi, sauti imekauka. "Mtani, njoo. Kuna kazi ya mtani."

Nikaenda. Binti alikuwa akipita mlangoni akijifanya haoni, nami ndani namwaga mfuko wa mkojo, ambao siku za kwanza ulikuwa mwekundu kama juisi ya rosela na daktari akasema ndivyo ulivyo, utajisafisha. Kila nikiumwaga nilimtangazia hali ya hewa, leo masika, leo vuli. Maagizo yalikuwa marefu: anywe maji mengi, asijikamue chooni, asiendeshe gari kwanza, mambo ya chumbani yasubiri, na asibebe chochote kizito kuliko galoni ya maziwa. Hilo la mwisho lilinipa raha ya wiki nzima. Mnyamwezi kakatazwa mzigo!

Mpira ulipotolewa nikarudi Houston kazini, tukiamini vita vimekwisha. Jumapili iliyofuata wakaja wageni baada ya misa, Watanzania wenzetu na familia za Warundi wanaosali naye, kila mtu na sufuria yake. Kwetu mgonjwa hatembelewi na mmoja mmoja. Akavaa msuli wake akakaa nao sebuleni mchana kutwa, na walipoondoka akaona aibu mgeni atoke mikono mitupu. Akalibeba gunia la mchele hadi kwenye gari la mama mmoja wa Kirundi, mama wa watu anamsihi, "Oya baba, hapana, acha!", yeye anacheka. Haukupita muda akaanza kutokwa damu, ikaganda, ikaziba njia. Akajifungia bafuni.

"Baba, fungua," binti aligonga.

"Niko sawa."

"Hauko sawa. Naona damu kwenye carpet. Fungua."

"Mpigie mtani wangu."

"Anko yuko Houston, baba! Four hours! I do this every single day, nawafanyia wazee wa watu. Kwa nini wewe tu ndiyo unanikataa?"

Mtani wangu aliniambia kwamba neno hilo ndilo lililofungua mlango. Binti akampeleka hospitali, wakamsafisha kibofu, akarudi na mpira kwa mara ya pili. Nilikuwa nimeshapanga nguo kwenye begi niende, akanipigia. "Usije, mtani. Umefutwa kazi. Nimepata mwenye mikono isiyotetemeka."

Nimelifikiria sana jambo hili. Watu wetu hapa Dallas na Houston wanaishi kwa kuwaogesha wazee wa watu wengine, wanawageuza kitandani, wanawabadilisha, kisha wanarudi kwenye nyumba ambazo baba zao wanaumwa kimyakimya chumba cha pili. Heshima tuliyotoka nayo nyumbani ilikuwa na mashangazi, wajomba, binamu na watani wa kugawana aibu. Huku mara nyingi amebaki mtoto mmoja na mzazi mmoja, na heshima ileile tunataka iwatoshe.

Alipona. Wiki kadhaa alikimbilia choo kwa haraka, vitone vikamponyoka mara mojamoja, kisha vikakoma. Daktari alipomruhusu akaja Houston, akashuka garini anapiga kelele hadi jirani akatoka nje: "Sikusimama! Mtani, sikusimama popote!" Jumamosi zikarudi. Sasa zimeondoka moja kwa moja, na nakiri sijui cha kuzifanyia. Nimepika pilau mara moja tangu azikwe, ikawa nzuri, hapana aliyeiponda, nikashindwa kula.

Baada ya maziko nilimuuliza binti atamkumbuka baba yake kwa lipi. Nilitarajia ataje shule aliyomsomesha. "Zile siku za mpira, Anko," alisema. "Usinicheke. Maisha yangu yote baba alikuwa barabarani, akirudi amelala. Zile wiki alikuwa hana pa kwenda, so tuliongea. Aliniambia jinsi mama alivyokuwa. Hajawahi kuniambia before."

Sikumcheka. Nawaambia nyinyi mnaokaza meno vyooni mkidhani mnalinda heshima yenu: mwenzenu alimfungia mwanawe mlango zaidi ya mwaka kwa kuziogopa siku za mpira, na ni siku hizohizo ambazo leo mtoto huyo anazililia kwamba zilikuwa chache mno.