Udongo Usiotajwa

Katika nyumba niliyoolewa kulikuwa na neno moja ambalo sikuruhusiwa kulitamka, na bahati mbaya neno lenyewe lilikuwa ndilo kazi yetu. Baba mkwe wangu alizaliwa bondeni, mama yake akiwa ameinama kuchimba udongo wa kufinyangia, na kwa desturi ya Wasukuma ya kumpa mtoto jina la tukio, wakampa jina la udongo ule. Kwa Kiswahili ningeweza kusema udongo, udongo, udongo mchana kutwa bila kumkosea mtu. Kwa Kisukuma, jina la ule udongo mweusi wa bondeni lilikuwa jina la baba mkwe, na mke wa mtoto wake hamtaji, awe hai au awe kaburini. Yeye alikuwa kaburini. Alikufa kabla sijaolewa, kwa hiyo nilikuwa nauzuia ulimi wangu kwa heshima ya mtu ambaye sijawahi hata kumpelekea maji ya kunawa.

Mimi ni mtu wa Chato, nimekulia ziwani. Nililetwa na ndoa kwenye kijiji hiki cha ndani, upande wa Segese, ambako wanawake wanafinyanga na wanaume wanachunga au wanaondoka. Mume wangu aliondoka. Alikwenda upande wa Geita kuchimba dhahabu, akasema atarudi baada ya mavuno, ila hakusema mavuno ya mwaka gani. Tangu hapo sikutulia. Nikianza kusokota udongo, gari likipunguza mwendo barabarani nasimama, mikono imejaa matope, natazama nani anashuka. Wanashuka watu wa watu. Narudi kukaa, na udongo umeshaanza kukauka.

Vyungu vyangu vilipasuka motoni kuliko vya wenzangu wote. Wanawake walisema chungu kinamjua mtu ambaye moyo wake uko barabarani. Niliwaambia kinapasuka kwa sababu vigae vya kuchanganya na udongo hawavitwangi sawasawa, na siku hiyo hakuna aliyenipa kipande chake cha kibuyu cha kulainishia chungu. Mama mkwe alicheka tu. "Mtoto wa ziwani huyu," alisema. "Amezoea kitu kinachotikisika."

Baada ya mvua za El Nino kuharibu barabara na barabara kutengenezwa tena, alitujia bibi maendeleo kutoka Shinyanga. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, anayeongea haraka, na alikuja na jambo ambalo hatukuwahi kulisikia: wageni waje kututazama tukifanya kazi. Watembee nasi hadi bondeni, waone udongo unavyochimbwa, waone chungu kinavyopandishwa msokoto juu ya msokoto na kuchomwa kwa nyasi na mavi ya ng'ombe, wale nasi, na atakayependa alale kwenye nyumba ya wageni ambayo kikundi cha akina mama kingeijenga. "Udongo uwahi ungali maji," alituambia kwenye kikao, na sisi tukacheka, maana kwake ilikuwa methali na kwetu ilikuwa shughuli ya kila asubuhi. Yeye hakuelewa tunachekea nini, ila akacheka pia.

Wageni walikuwepo kweli. Walikuja wake za wazungu waliokuwa wanatafuta dhahabu kwa mashine, wamechoka kukaa kambini. Zilikuja familia za Wahindi wenye maduka Shinyanga mjini, wakitaka vyungu vya maua na vya kuwekea maji baridi. Na kwa kuwa nilikuwa nimefika kidato cha pili na nilikuwa na Kiingereza cha kuombea maji, nilichaguliwa kuwa mtembeza wageni. Niseme ukweli, niliipenda ile kazi kuliko chochote nilichowahi kupewa. Ilikuwa kazi ya kutembea. Miguu yangu ambayo kila mtu aliilalamikia sasa ilikuwa na sababu ya kwenda na kurudi, na watu walinisubiri niwaambie waende wapi. Kitu hicho sikukipata kwa mume wala kwa mama mkwe, nilikipata kwa kichwa changu.

Tatizo ni kwamba wageni wanauliza. Akishafika bondeni, akishashika lile donge jeusi na kulinusa, mgeni hawezi kukosa kuuliza: mnaliitaje kwa lugha yenu? Wake wa pale kijijini wakikutana na jina la mkwe kwenye maneno ya kawaida hujitungia neno jingine, kila mmoja la kwake, na wenyeji wanaelewa. Mimi nilijitungia maneno ya Kisukuma yenye maana ya unga mweusi. Niliona nimefanya jambo la akili. Wageni waliandika "unga mweusi" kwenye vitabu vyao, wakaondoka na furaha.

Bibi maendeleo naye aliandika. Akaenda mjini, akarudi na kibao kilichochorwa vizuri, chenye picha ya mtungi na maneno yangu ya Kisukuma kwa herufi kubwa, akakisimamisha barabarani. Kuanzia hapo madereva wa malori yaendayo machimboni wakawa wanasimama kuulizia unga. Wengine walidhani ni wa ulezi. Mchimbaji mmoja alishuka na gunia lake, akabishana na mama mkwe kwamba anauficha ili bei ipande.

"Ungekuwa unga tungekuwa tumeshiba," mama mkwe alimjibu kwa Kiswahili chake. "Wewe lamba uone kama ni unga."

Akalamba kweli. Tulicheka mpaka tukaacha kazi.

Wanaume wa kijiji hawakucheka. Walisema udongo wa babu zao umegeuzwa ugali, na vijiji jirani vinatutania minadani. Kikao kikaitwa, ikaamuliwa kibao kiandikwe upya kwa neno lenyewe, na anayetembeza wageni alitaje neno hilo kama lilivyo. Bibi maendeleo alinifuata baadaye, akaongea nami kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi.

"Mama, wageni wanaandika unachowaambia," alisema. "Nisaidie nielewe, wewe hulijui hilo neno?"

"Nalijua."

"Basi litaje. Ukishindwa, kazi itabidi nimpe wifi yako."

Wifi yangu alizaliwa katika nyumba ile. Yeye alimtaja baba yake apendavyo, akiapa kwa jina lake, akimwimba wakati wa kutwanga. Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji, lakini neno alikuwa nalo.

Nilimkuta mama mkwe amekaa kivulini, akipandisha mtungi mkubwa, akiuzungusha kidogo kidogo juu ya kigae. Nikapiga magoti. "Mayu, wanataka nilitaje," nilisema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Jina la mkweo?"

"Ndiyo."

Aliweka msokoto mwingine wa udongo, akaubana kwa dole gumba. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Mke akilitaja jina la mkwewe mbele za watu," aliuliza, "amesema nini?"

"Amesema hayumo tena katika nyumba hiyo."

"Basi unajua," alisema, akaendelea kuzungusha.

Nilijua. Kumbe kila mtu alijua isipokuwa bibi maendeleo. Nikitaja, napata kazi na kuipoteza nyumba. Nisipotaja, nabaki na nyumba na nakaa chini tena na vyungu vyangu vya kupasuka, huku wifi akiwapeleka wageni bondeni na kuwaonyesha kwa vidole. Nilizunguka na jambo hilo. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Nilikwenda kisimani na ndoo iliyojaa, nikaimwaga njiani ili nipate sababu ya kufika.

Kabla kibao kipya hakijaletwa, utingo wa lori moja alisimama kunywa maji. Alikuwa anamfahamu mume wangu. Aliniambia, kama mtu anayepeleka salamu za mvua, kwamba mume wangu hachimbi tena, amepanga nyumba Kalangalala, Geita mjini, na anaishi na mama mmoja mwenye mgahawa, na mtoto ameshaanza kutambaa. Akanirudishia kikombe, akashukuru.

Nilidhani nitalia. Badala yake nilipandwa na hasira moja kavu. Mume hajaniletea hata salamu, na mimi huku namtunzia baba yake jina kama mayai! Nilifunga kanga zangu na beseni langu, nikaweka nyuma ya mlango. Nilikusudia kulitaja neno hilo siku wageni watakapokuja, mbele ya kijiji kizima, kisha nipande gari la kwanza nirudi Chato. Sikutaka kuondoka kimyakimya kama mwizi. Nilitaka wanifukuze.

Wageni walifika asubuhi, kundi kubwa kuliko yote tuliyowahi kupata, na kibao kipya kilikuwa kimefungwa kanga kikisubiri kufunuliwa. Mama mkwe aliwakaribisha. "Kalibuni, kalibuni," alisema, akaninyooshea kidole chenye matope. "Huyu mke wa kijana wangu. Atawatembeza." Sikumtazama. Nilijua naye habari za Kalangalala zimeshamfikia, maana zilikuwa zimeshafika hadi kwa wachunga mbuzi.

Tulirudi kutoka bondeni, wanawake wakakaa kwenye mduara, kazi ikaanza. Mama mmoja wa kizungu mwenye kofia pana, aliyejifunza Kiswahili cha kitabuni, alichutama karibu na mama mkwe na kalamu yake mkononi. Akainua macho kwangu. "Udongo huu unaitwaje kwa Kisukuma?"

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulikuwa mzito. Nikalitaja. Nililitaja kwa sauti, vizuri, kama lilivyo.

Mikono ya wanawake wote ilisimama juu ya udongo. Bibi maendeleo alitabasamu peke yake. Shangazi mmoja wa ukoo akasema kwa Kisukuma, bila kupunguza sauti, kwamba huyu amejitoa mwenyewe, na afungue mlango aende. Wifi akainamisha uso. Nilisimama pale nikisubiri, na mara nikagundua kwamba sitaki kwenda Chato. Nilikuwa nimeyataka yale maneno ya shangazi kwa siku zote zile, na yaliposemwa yaliniuma kuliko ya utingo. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amekwisha kupandisha mdomo wa chungu na sasa anauviringishia gunzi la mahindi, taratibu, ili kuacha alama. Hakulisimamisha gunzi.

Mgeni hakuwa ameelewa chochote. Alitazama karatasi yake, akatikisa kichwa. "Samahani," alisema. "Sikusikia vizuri. Tafadhali sema tena."

Mama mkwe akamaliza kuzungusha gunzi, akaliweka chini, akafuta mikono kwenye kanga yake. Akaongea kwa Kisukuma ili shangazi asikie, na wote wasikie.

"Mgeni hajasikia, mwanangu," alisema. "Mtaje tena baba yako."

Nikamtaja.