Mashine Aliyoiacha Mdogo Wake

Majirani walimwita Kapteni Kitanda, na utani wenyewe ulikuwa na mwiba. Zamani alivusha watu kwa boti. Sasa alikuwa seremala wa vitanda, na maji aliyoyaamini ni ya kuoga tu, tena kwa kopo. Aliacha boti tangu mashine ilipomzimikia mdogo wake katikati ya maji. Upepo uliigeuza boti ubavu, na vilivyoletwa ufukweni ni maiti na mashine. Watu walisema marehemu alibania oili. Mtu akishakufa, kila mjinga huwa fundi.

Miaka ikapita, mashine imelala stoo chini ya blanketi. Ingelala hivyo mpaka kiama kama binti yake asingepata kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya ng'ambo ya maji.

"Baba, usipoiwasha wewe nitatafuta fundi," binti alimwambia. "Kwenda nitakwenda."

Seremala alimjua mwanawe: akisema amesema. Akaona heri aiguse yeye mwenyewe, maana fundi wa kukodi hakuzikii mtoto.

Akamwaga petroli ya zamani iliyokuwa imechacha, akafungua kabureta na kuikwangua uchafu ulioganda kama gundi. Akaifunga mashine kwenye pipa la maji pale uani. Spana ikamponyoka mara mbili. Aliogopa isije ikakataa kuwaka. Aliogopa zaidi isije ikawaka.

Akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena na tena mpaka ikakohoa, ikafuka moshi mzito uliojaza ua mzima, kisha ikanyamaza. Alipofungua plagi aliikuta imelowa oili chepechepe. Mashine za namna hii oili yake huchanganywa na petroli. Ikipungua zinaungua, ikizidi plagi inazama. Yeye alipima vizuri, halafu roho ikamtuma aongeze kidogo kwa siri. Lakini kidogo chake kisingeleta mafuriko haya.

"Nani kagusa dumu la mafuta?"

Mkewe alikuwa anaanua nguo. "Mimi. Niliongeza oili ulipoingia ndani kunywa chai."

"Kiasi gani?"

"Chupa."

"Chupa nzima, mama watoto?"

"Si walisema shemeji aliponzwa na oili kidogo? Na wewe je, hukuongeza?"

Wakatazamana, watu wazima wawili, wakacheka kicheko cha watu walioshikwa na woga. Kisha mkewe akakaa juu ya ndoo na kulia.

Hapo angeweza kuiacha. Angemwambia binti mashine imekufa, na nani angembishia? Lakini siku hizo alikuwa amemwona akiizungukazunguka boti ya jirani, ile ya makasia, akajua atapiga kasia kwenye upepo uleule. Akaifuta plagi, akachanganya mafuta mapya mbele ya macho ya mkewe, akavuta kamba. Ikanguruma. Maji yakaruka kutoka kwenye kitundu cha ubavuni, kama inavyotakiwa. Binti akatoka mbio ndani, anapiga makofi.

Asubuhi iliyofuata waliifunga mashine kwenye boti ile ya jirani, binti akashika usukani na kuondoka. Wazazi walisimama ufukweni wakisikiliza. Mlio ukawa mwembamba, ukawa kama wa nyuki, kisha ukakatika.

"Amefika," mkewe alisema.

"Au imezima."

Mkewe akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na alipogeuka kumtazama mumewe hakumwona pembeni yake. Alikuwa ndani ya maji, yamemfika kifuani, na wala hakujua ameingia saa ngapi.

"Nimefika, mama," sauti ya binti ikasema kwenye simu. "Mwambie baba mashine iko vizuri. Jioni narudi."

Mkewe akamwambia kwa sauti, akamwita atoke, nguo zimelowa, watu wanaangalia. Seremala hakusogea. Siku zote hizo alikuwa ameogopa safari moja tu. Hakuwa amekumbuka kuwa kazi ni ya kila siku.