Mwanamke aliyekuja kupima mapazia ya Zuhura

Leo nimemkuta mwanamke nisiyemjua anapima madirisha ya nyumba ya mwanangu kule mtaani Itetemia, Tabora.

Mnajua nilivyoitangaza nyumba ile. Zuhura wangu kaijenga kwa cherehani, na nusu yenu mnavaa mishono yake. Mumewe Mkenya, mpole, alijifunza shikamoo kwa ajili yangu.

Nikauliza, "Mwenzangu, kakutuma nani?"

"Mume wangu. Si nyumba yetu?"

Alipomtaja huyo mume, kumbe ni rafiki wa mkwe wangu.

Nikampigia mkwe.

"Mama, mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi. Kwenye hati tukaandika jina la rafiki, kwa muda tu."

"Mgeni ni wewe, baba. Zuhura kazaliwa hapahapa Tabora. Jina lake lilikuwa na kasoro gani?"

Akakata simu.

Kumbe alimwambia Zuhura kwamba ukiolewa na mgeni, na wewe huruhusiwi. Mtoto akaamini, si mumewe?

Wenye mabinti, wa kwenu wameandikwa kwenye hati? Niambieni hapa chini.

Kesho mimi na Zuhura tunakwenda kwa wakili. Leo nimetandika mkeka sebuleni mwa nyumba hiyohiyo, maharage yako jikoni. Anayetaka kupima mapazia aanze kunipima mimi.