Kiwanja cha Makambako

Enzi za Mwingereza, nikiwa kwenye foleni bomani Njombe, nilimsikia mama mmoja akiomba abadilishiwe shamba lake zuri la Mahongole kwa kiwanja kidogo Makambako, pale wapimaji wa reli walipopigilia vigingi.

"Mama, treni yenyewe iko wapi?" karani akacheka.

"Itakuja. Mwanangu yuko kwenye mkonge, Tanga. Akishuka, asitembee mbali."

Akapewa. Mwanawe alirudi kwa lori nililopanda mimi, akichechemea, na nyumba aliyoijenga mama kwenye kiwanja kile ilikuwa pale pale barabarani. Treni ilikuja baada ya uhuru, mama ameshazikwa.

Leo viwanja vile bei haishikiki, na watu humsifu kwa kujua biashara. Mimi, siku ile ya lori, nilimwona akipiga magoti, akimvua mwanawe viatu. "Umechoka, baba?"